Namna ya kukinga miguu dhidi ya baridi mashambani mwa chai

MCHUMAJI majani chai wa Kericho au Bomet huingia shambani asubuhi na mapema, umande ungali umetanda juu ya michai. Nyanda hizo ziko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri joto huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10. Hata hivyo, adui mkuu wa miguu si baridi yenyewe bali ni maji, ambayo huondoa joto mwilini kwa kasi kubwa mno kuliko hewa.

Ndiposa inafaa kuvaa nguo kwa tabaka. Ya ndani iwe ya sufu au poliesta. Pamba hunyonya maji na hukawia kukauka. Juu yake ivaliwe suruali pana inayohifadhi hewa yenye joto. Mwisho, aproni ya plastiki ining'inie nje ya gambuti ili maji yasitiririkie ndani. Gambuti zisibane, kwani damu isipopita vyema vidole hufa ganzi.

Kanuni iyo hiyo huwafaa wanaoteleza thelujini, mchezo uliomfikisha Mkenya Philip Boit katika Olimpiki ya Majira ya Baridi mjini Nagano, Japani, mwaka wa 1998. Tofauti ni kwamba wao huloweshwa zaidi na jasho lao wenyewe.

Asiyemudu vyote atangulize aproni na soksi kavu za akiba. Sufu huweza kutafutwa baadaye katika soko la mitumba.