Mabishano ya Santuri: Mashabiki Walivyogeuka Wahakiki wa Rock

Mwanzoni mwa mwaka 1966, Paul Williams, kijana wa miaka 17 aliyekuwa mwaka wa kwanza katika Chuo cha Swarthmore, Pennsylvania, alikwenda New York kurudufu kijarida chake kwa mashine ya stensili. Kurasa zilikuwa kumi, nakala 500, bei senti 25. Alikiita Crawdaddy!, jina aliloliazima kutoka klabu ya Richmond, kando ya London, ambako Rolling Stones walikuwa wakipiga kabla dunia haijawajua. Ndani hamkuwa na picha za kubandika ukutani wala umbea wa nani anatembea na nani. Mlikuwa na maoni ya shabiki juu ya sahani alizozisikiliza, basi.

Wakati ule jambo hilo halikuwa la kawaida. Jazz ilikuwa na wahakiki wake, opera vilevile. Pop ilikuwa na wauzaji. Magazeti ya biashara yaliandika ni sahani ipi itatoka madukani kwa haraka, na majarida ya wasichana yaliandika rangi anayoipenda mwimbaji. Ile kazi ya kukaa na wimbo, kuurudia, kuuliza kwa nini gitaa linaingia pale na si pengine, ilifanyika vyumbani mwa wanafunzi, baina ya marafiki, na ni mara chache iliandikwa.

Williams hakujifunza uandishi kwenye chumba cha habari. Alitoka katika kundi la wapenzi wa hadithi za kubuni za kisayansi, watu waliozoea kuchapa vijarida vyao wenyewe, kutumiana kwa posta na kubishana kwa barua. Utaratibu huo ndio aliouhamishia kwenye muziki. Haukupita muda mrefu, simu ya bwenini ikalia: Paul Simon alikuwa amesoma uhakiki wa kazi yake na Art Garfunkel, na alitaka kuzungumza na aliyeuandika. Mwanamuziki mwenye wimbo unaotamba nchi nzima anamtafuta mwanafunzi kwa sababu ya makala ya kijarida cha stensili! Kiu ilikuwepo pande zote mbili.

Nchini Uingereza ubishi ulikuwa umeshapanda hadi kwenye televisheni, ingawa kwa sura ya mchezo. Safari yake ilianzia magazetini: tarehe 14 Novemba 1952 gazeti la New Musical Express lilichapa chati ya kwanza ya mauzo ya sahani nchini humo. Percy Dickins wa gazeti hilo alipiga simu kwenye maduka yapatayo 20, akauliza ni nini kinachonunuliwa, akajumlisha majibu. Al Martino akakamata nafasi ya kwanza. Wazee wa Melody Maker, gazeti la wapiga dansi na jazz lililoanza mwaka 1926, hawakufurahishwa na kilichofuata; mwaka 1956 mwandishi wake Steve Race aliupokea ujio wa rock and roll kwa karaha ya wazi.

Halafu Juni 1959 BBC ikaleta Juke Box Jury. David Jacobs aliketi mezani, sahani mpya ikapigwa, na jopo la watu wanne likaambiwa litoe hukumu: huu utatamba au utaanguka? Kura zikisema utatamba, Jacobs aligonga kengele. Zikisema utaanguka, ilipigwa honi moja mbaya iliyosikika kama ya gari bovu. Ukatili wa kipindi ulikuwa kwenye pazia. Mara nyingine mwimbaji mwenyewe alifichwa nyuma yake, akisikia kila neno, na baada ya hukumu alitoka kuwapa mkono waliomponda. Watazamaji walipenda kuona sura za wanajopo zikibadilika. Desemba 1963 viti vyote vinne vilikaliwa na Beatles, na mwaka uliofuata Rolling Stones wakaletewa kiti cha tano ili watoshe.

Kilichokosekana kwenye Juke Box Jury ni sababu. Kengele haielezi kitu. Ndiyo maana zile kurasa kumi za Williams zina uzito zaidi kuliko kipindi kilichotazamwa na mamilioni: shabiki alilazimika kujieleza, na akishajieleza kwa maandishi, mwenzake angeweza kumjibu hoja kwa hoja.

Na mashabiki walijibiwa. Tarehe 9 Novemba 1967 lilitoka toleo la kwanza la jarida la Rolling Stone huko San Francisco, likiwa na John Lennon kwenye jalada. Jann Wenner, kijana wa miaka 21, na Ralph Gleason, mhakiki wa jazz aliyemzidi umri mbali, walilianzisha kwa dola 7,500 za kukusanya huku na kule. Jarida hilo likawaalika wasomaji walete uhakiki wao. Mmoja wa walioitika alikuwa Lester Bangs wa El Cajon, California, aliyekuwa akiuza viatu dukani. Mwaka 1969 alituma maneno makali dhidi ya albamu ya kwanza ya kundi la MC5, Kick Out the Jams, nayo yakachapwa. Baadaye aliigeukia albamu hiyohiyo akaipenda, na hakuona haya kulisema.

Ukali wa miaka ile unastaajabisha ukiusoma leo. Albamu ya kwanza ya Led Zeppelin ilipotoka mwaka 1969, John Mendelsohn wa Rolling Stone aliona ni machache mno ambayo kundi la Jeff Beck halikuwa limeshayafanya vizuri vilevile au zaidi. Black Sabbath nao walipondwa na Bangs mwaka 1970. Makundi hayo mawili yakaja kuwa nguzo za rock nzito, na wapenzi wake wanawakumbusha wahakiki hao mpaka leo. Lakini ni haki kusema kwamba Mendelsohn alitoa sababu, akataja nyimbo, akalinganisha sahani na sahani. Alikosea kwa uwazi kiasi kwamba msomaji wa sasa anaweza kuona hasa alipopotelea.

Uhakiki uliokaribia zaidi mazungumzo ya marafiki uliandikwa na Greil Marcus mwaka 1970, Bob Dylan alipotoa Self Portrait, sahani mbili zenye nyimbo 24 zilizowachanganya waliomwona kama nabii wao. Marcus aliigawa makala yake vipande 24, akachanganya mawazo yake na sauti za watu waliokuwa wakiisikiliza: huyu analalamika, yule anatetea, mwingine anauliza kama ni mzaha. Swali la kufungulia makala lilikuwa tusi. Msomaji alihisi amekaribishwa sebuleni huku sahani ikizunguka.

Kwa jarida la Creem, lililozaliwa Detroit mwaka 1969, sebule haikuwa mfano. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wafanyakazi wake, Bangs na Dave Marsh wakiwemo, waliishi pamoja kwenye nyumba ya shamba huko Walled Lake, Michigan, wakisikiliza, wakiandika na kugombana usiku na mchana, mara nyingine kwa mikono. Bangs aliandika kurasa kwa kurasa, akianzia kwenye wimbo na kuishia kwenye maisha yake mwenyewe. Alifariki New York mwaka 1982, akiwa na miaka 33 tu.

Ellen Willis hatajwi inavyostahili katika historia hii ya wanaume wenye kelele. Mwaka 1968 aliajiriwa na The New Yorker kuwa mhakiki wake wa kwanza wa muziki wa pop, na kwa miaka saba aliandika kwa utulivu, akipima jinsi rock inavyomtazama mwanamke bila kuacha kuipenda. Robert Christgau, aliyewahi kuwa mpenzi wake na mshindani wake katika hoja, alishika njia nyingine: Julai 1969 alianza kwenye Village Voice safu ya kuzipa sahani alama za A, B na C kama mwalimu anayesahihisha mitihani, kila moja kwa sentensi chache zilizobanwa. Mwaka 1986 aliipa A+ The Indestructible Beat of Soweto, mkusanyiko wa nyimbo za Afrika Kusini.

London ikarudia kisa cha Williams mwaka 1976. Mark Perry, karani wa benki mwenye miaka 19, aliliona kundi la Ramones likipiga mwezi Julai, akatafuta gazeti la kuelezea alichokiona na asilipate. Akaandika lake, Sniffin' Glue, vichwa vya habari kwa kalamu nene ya wino, mistari iliyofutwa ikiachwa hivyohivyo. Fotokopi za kwanza zilikuwa nakala 50. Mwaka mmoja baadaye lilikuwa likiuzwa kwa maelfu, na Perry akalifunga kabla halijageuka kuwa lile alilolikimbia.

Pwani ya Afrika Mashariki ina mtu wake ndani ya mabishano haya. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946 na kujulikana duniani kama Freddie Mercury, alipondwa na wahakiki kuliko wengi wa rika lake. "Bohemian Rhapsody" ya mwaka 1975 ilionekana ndefu mno kwa redio, karibu dakika sita. Aliyeiokoa ni rafiki: mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio aliipiga mara 14 katika wikiendi moja, simu za wasikilizaji zikazidi, na wimbo ukakaa wiki tisa kileleni mwa chati ya Uingereza. Mwaka 1979 Dave Marsh, yuleyule wa Creem, aliandika katika Rolling Stone kwamba huenda Queen, kundi la Mercury, ni kundi la kwanza la rock la kifashisti. Hukumu hiyo haikuhimili muda. Onyesho la Queen katika tamasha la Live Aid pale Wembley, Julai 1985, linatazamwa hadi sasa na watoto ambao hawajawahi kulisikia jina la Marsh.

Wala la kale halijapata hukumu ya mwisho. Rolling Stone lilipopanga albamu 500 bora mwaka 2003, Sgt. Pepper ya Beatles ilikaa juu na What's Going On ya Marvin Gaye ikawa ya sita. Orodha ilipopigiwa kura upya mwaka 2020, ya Marvin Gaye ilipanda hadi ya kwanza na Sgt. Pepper ikashuka hadi ya 24. Sahani ni zilezile za 1967 na 1971. Waliobadilika ni wasikilizaji, wakiwa na masikio yaliyolelewa na soul na hip hop.

Kwa Waswahili ubishi wa muziki haukuanza jana. Novemba 1969, muziki wa soul ulipopigwa marufuku Dar es Salaam, wasomaji waliandika magazetini kuunga mkono na kupinga.  Na baada ya bendi ya Mlimani Park, yaani Sikinde, kuundwa mwaka 1978, mashabiki wake na wa bendi pinzani ya Msondo walibishana vijiweni kwa miaka: nani katunga, nani kapiga solo, nani kahamia wapi na sauti yake. Hoja zao hazikuwa nyepesi kuliko za Walled Lake. Tofauti ni kwamba nyingi ziliishia hewani, na waliokuwa ukumbini wanazeeka.

Kwa hiyo, msomaji mwenye santuri kabatini na kumbukumbu ya onyesho alilohudhuria, achukue daftari leo. Aandike mwaka, ukumbi, mpiga solo, mpiga besi, na kwa nini wimbo ule ulimgusa au ulimchosha. Kisha ampe rafiki anayempinga, naye aandike majibu yake kurasa zinazofuata.