Manusura, na swali la "na nani?"

Neno manusura limezoeleka zaidi katika habari za ajali: meli imezama, manusura wameopolewa. Asili yake ni Kiarabu, penye maana ya kusaidiwa na kupewa ushindi. Kiswahili kikalielekeza kwa mtu aliyeponea chupuchupu, kama tusemavyo "nusura aanguke". Siku hizi linatumika pia kwa mtu aliyedhulumiwa kingono na padri au mchungaji, mara nyingi akiwa mtoto, na bado anaishi na jeraha hilo. Ni neno zuri kwa sababu limebeba uhai. Lakini naona halifai kuwa neno la kwanza kutoka kinywani mwa Kanisa.

Tuangalie maneno yanayoshindana nalo. Mhanga linatukumbusha kujitoa mhanga, yaani kujitolea kwa hiari hata kufa, na mtoto yule hakujitolea chochote. Tena katika ibada iliyojaa lugha ya sadaka, neno hilo linaweza kuuma vibaya. Mwathirika linatokana na kuathirika, kitenzi cha jamii ya kuvunjika na kumwagika. Tukisema kikombe kimevunjika, aliyekivunja hatajwi. Kunusurika nako kuna kasoro hiyohiyo: kunaeleza kutoka hatarini bila kumgusa aliyeileta hatari. Sasa sema "alinyanyaswa". Kile kiambishi kidogo -w- kinangoja "na": na nani? Sarufi yenyewe inadai jibu. Hata sheria ya Kanisa Katoliki imepita njia hii. Kwa miaka mingi unyanyasaji wa watoto uliorodheshwa miongoni mwa makosa ya kukiuka wajibu wa kipadre, kana kwamba aliyekosewa ni upadre wenyewe. Tangu tarehe 8 Desemba 2021, kanuni ya 1398 inauweka miongoni mwa makosa dhidi ya uhai, hadhi na uhuru wa binadamu. Hapo ndipo mtoto alipoonekana.

Wapo watakaosema kwamba kung'ang'ania "aliyenyanyaswa" ni kumfunga mtu kwenye siku yake mbaya kuliko zote, na kwamba kazi ya mchungaji ni kutia matumaini. Hoja hii ina uzito, kwani wengi wamechoka kutambulishwa kwa dhuluma waliyotendewa. Ila matumaini yanayotangulia ukweli humlazimisha aliyeumizwa kupona haraka ili wengine wapumue. Ufaransa imetufundisha jambo hapa. Tume ya Jean-Marc Sauvé, iliyoundwa kwa ombi la maaskofu wenyewe pamoja na wakuu wa mashirika ya kitawa, ilikadiria mwaka 2021 kwamba watoto 216,000 walidhulumiwa na mapadri na watawa tangu 1950. Ilikusanya pia sauti za walioumizwa katika juzuu ambalo jina lake linawataja kama watu waliotoka kwenye kudhulumiwa wakawa mashahidi. Baadaye mwaka huohuo, huko Lourdes, maaskofu walikiri kwamba Kanisa lenyewe, kama taasisi, linawajibika, na utaratibu wa fidia ukafuata. Kukiri kulitangulia, na matumaini yakapata pa kusimama.

Huduma ya kichungaji kwa aliyenyanyaswa huanza chini kabisa. Huenda hawezi kutamka "Baba Yetu", kwa kuwa aliyemdhulumu aliitwa Baba na parokia nzima; basi asisahihishwe, asiharakishwe. Achague mwenyewe mahali pa kuzungumzia, maana sakristia inaweza kuwa ndipo yalipomkuta. Apelekwe kwa mshauri nasaha aliyesomea kazi hiyo, na asiombwe kunyamaza: amri ya Papa Fransisko ya mwaka 2019, Vos estis lux mundi, inakataza kumwekea anayetoa taarifa sharti la kukaa kimya. Katika barua ya jimbo iandikwe "alinyanyaswa kingono na padri", sentensi nzima, pasipo "tukio la kusikitisha". Na katika mazungumzo aitwe kwa jina lake, hadi yeye mwenyewe atakaposema, "Mimi ni manusura."