Mgeni Katika Nchi Yake

Serikali yenye hofu hudhani kwamba manung'uniko hutokana na mnung'unikaji, wala si na jambo linalonung'unikiwa. Ukiishika dhana hiyo, dawa huonekana nyepesi: msemaji aondolewe, nchi itatulia. Dawa hiyo ilijaribiwa Marekani, ikajaribiwa na Usukumani.

Mwaka 1798, Marekani ilipokuwa karibu kupigana na Ufaransa, Rais John Adams alitia sahihi sheria nne. Moja iliongeza muda wa mgeni kungojea uraia kutoka miaka 5 hadi 14. Mbili zilihusu kufukuzwa au kuzuiliwa kwa wageni. Ya nne ilimwadhibu mtu aliyeandika uongo kwa nia ya kuidhalilisha serikali, kwa faini isiyozidi dola 2,000 na kifungo kisichozidi miaka 2. Matthew Lyon, mzaliwa wa Ireland na mbunge wa Vermont, alifungwa miezi 4. Wapiga kura wakamchagua tena angali gerezani. Adams akashindwa katika uchaguzi wa 1800, na sheria ya uchochezi ikakoma mwaka 1801.

Katika Tanganyika ya Waingereza mgeni ndiye aliyetawala, na hata hivyo sheria ilipata njia ya kumfanya mwenyeji awe mgeni. Sheria ya 1921 ilimwezesha Gavana kumhamisha mtu aliyehesabiwa kuwa hatari kwa amani, kutoka sehemu moja ya nchi hadi nyingine, pasipo kesi. Mwaka 1955 kanuni ya adhabu ikaongezewa kifungu kilichofanya kuwa kosa kuwaambia watu mkutanoni neno lielekealo kuwatia wenyeji kutoridhika.

Bariadi siku hizo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Maswa, nchi ya watemi wa Ntuzu, Itilima na Kanadi. TANU ilizaliwa Julai 1954. Mwaka huo huo matawi yake yakanyimwa kibali Usukuma nzima, na katazo likadumu hadi 1958. Je, kimya kilipatikana? La. Wakulima wa pamba walikuwa wamebebeshwa amri za kulima matuta na kupunguza ng'ombe, na amri hizo hazikukatazwa pamoja na chama. Waliendelea kukutana katika vyama vya ushirika, ambavyo mwaka 1955 viliunganishwa katika shirikisho la Victoria chini ya uongozi wa Paul Bomani. Serikali iliweza kufunga ofisi ya chama. Haikuweza kufunga mizani ya pamba, na penye mizani watu huzungumza.

Hasara iliiangukia serikali yenyewe, kwa kuwa ilijinyima habari. Huko Geita malalamiko juu ya baraza la mseto wa mataifa hayakuwa na mlango halali wa kutokea. Mwaka 1958 yakatokea kama umati wa watu waliotembea hadi Mwanza. Mwaka huo huo Julius Nyerere alishtakiwa kwa kashfa, kwa kuwa gazeti la Sauti ya TANU liliwalaumu mabwana shauri wawili. Alihukumiwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, faini ikalipwa. Mwezi wa Septemba akachaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, kama Lyon alivyochaguliwa miaka 160 kabla yake.

Lau habari ingeishia hapa, ingekuwa hadithi ya mkoloni mbaya na mzalendo mwema, nasi tungelala usingizi. Lakini sheria ya 1921 haikuondoka na bendera ya Mwingereza. Bunge la nchi huru likaiongezea mwenziwe mwaka 1962: sheria ya kumweka mtu kizuizini bila ya kesi. Waliozipitisha walikuwa wamekwisha kuonja uchungu wake. Ndipo Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa 1991, ilipotaja sheria 40 zilizostahili kufutwa au kurekebishwa, na hizo mbili zikiwamo. Marekani nayo, ile sheria ya 1798 juu ya raia wa taifa adui ingali vitabuni hadi leo.

Kwa hiyo mwanafunzi wa historia asiulize tu kama mtawala alikuwa mtu mwema. Aulize: sheria hii, ikishikwa na mwingine, itamfanyia nini mkulima wa Ntuzu mwenye neno la kusema juu ya ng'ombe wake?