Chupa ya Mkaguzi na Dohani za Soda

Mwaka 1862 Lodi Derby, mmoja wa wenye ardhi wakubwa wa Lancashire, alilifikishia Baraza la Malodi la Uingereza malalamiko kuhusu miti. Mashamba yake ya Knowsley yalipakana na eneo la viwanda la St Helens, na upepo ulipovuma kutoka huko majani yalikauka na miti ikafa imesimama. Wafanyakazi wa viwanda hivyo walikuwa wakipoteza meno na kukohoa kwa sababu ya hewa hiyohiyo tangu zamani, na Bunge halikushtuka. Mti wa lodi ulikuwa na wakili. Kamati iliundwa, Derby mwenyewe akaiongoza, na mwaka uliofuata ikapitishwa Sheria ya Alkali ya 1863, iliyozaa mojawapo ya idara za kwanza duniani za kukagua uchafuzi wa viwanda.

Alkali iliyotengenezwa viwandani humo ilikuwa soda, ndugu wa karibu wa magadi ambayo mpishi wa Afrika Mashariki huitia kwenye maharage yaive upesi. Watengenezaji wa sabuni, vioo na nguo waliihitaji kwa maelfu ya tani, na Ulaya haikuwa na ziwa la kuichota kwa wingi huo. Mfaransa Nicolas Leblanc aliwapatia njia mwaka 1791: chumvi ya kawaida huchomwa pamoja na asidi ya sulfuriki, kisha zao lake huokwa na makaa ya mawe na mawe ya chokaa. Soda ilipatikana kweli, lakini kila tani 8 ziliacha nyuma tani 5.5 za gesi ya asidi ya hidrokloriki na tani 7 za taka zenye salfa, ambazo zikilowa mvua hunuka mayai yaliyooza.

James Muspratt alianza kuitengeneza soda hiyo Liverpool mwaka 1823. Majirani walimwandama kwa kesi hadi akahamishia shughuli zake nje ya mji, na huko nako akakuta wakulima wenye mawakili. Wenye viwanda walidhani dawa ni kurefusha dohani. Mwaka 1842 kiwanda cha Tennant huko St Rollox, Glasgow, kilisimamisha dohani ya mita 132. Gesi ikapanda juu zaidi, ikasafiri mbali zaidi, ikashukia mashamba ya watu wengine.

Suluhisho la kiufundi lilikuwapo tangu 1836, pale William Gossage alipoipitisha gesi ndani ya mnara uliojazwa vitu vyenye matundu, maji yakitiririka kutoka juu. Asidi hupenda maji. Huyeyuka humo na hewa hutoka ikiwa imepungua ukali. Wengi waliujenga mnara huo na kuuendesha walivyotaka. Hapakuwa na mtu wa kuja kuuliza.

Sheria ya 1863 ilimleta mtu huyo. Kila kiwanda cha alkali kilipaswa kusajiliwa na kunasa asilimia 95 ya gesi yake ya asidi. Mkaguzi alipewa haki ya kuingia mchana au usiku bila kutoa taarifa. Kazi ilimwangukia Robert Angus Smith, mkemia Mskoti aliyekwisha kuyachunguza maji ya mvua ya Manchester na ambaye, katika kitabu chake cha 1872, aliipa dunia istilahi ya mvua ya asidi. Alikuwa na wasaidizi wanne kwa nchi nzima.

Walivyopima ni jambo la kutazamwa kwa karibu. Mkaguzi alipenyeza bomba la kioo kwenye dohani, akaliunganisha na chupa ya maji, na chupa hiyo akaiunganisha na chombo kikubwa kilichojaa maji. Akifungua koki ya chini, maji hutoka polepole na kuivuta hewa ya dohani ipite ndani ya chupa. Kiasi cha maji yaliyotoka ndicho kiasi cha hewa iliyoingia. Kisha hutia nitrati ya fedha: kukiwa na asidi, mashapo meupe huonekana palepale, na uzito wake husema gesi ni kiasi gani. Alfred Fletcher, mmoja wa wasaidizi hao, aliongeza kifaa cha kupima kasi ya moshi ndani ya dohani, kwa sababu kujua ukali bila kujua wingi ni nusu ya habari.

Katika mwaka wa kwanza tu viwanda vilivyokaguliwa vilionekana kwa wastani kupoteza chini ya asilimia 5 iliyoruhusiwa. Smith hakuwa mtu wa kukimbilia mahakamani. Alipendelea kumshauri meneja wapi mnara unavuja, na tabia hiyo ilidumu katika idara kwa vizazi. Wakosoaji waliiita urafiki uliopita kiasi, na walikuwa na hoja.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa hesabu yenyewe. Asilimia 5 ya kiwanda kidogo ni kidogo. Viwanda vilipoongezeka na uzalishaji kukua, kila kimoja kikitii sheria, miti iliendelea kufa. Tena sheria ililinda hewa tu. Asidi iliyonaswa mnarani ilimwagwa kwenye vijito kama Sankey Brook, mahali ambapo chupa ya mkaguzi haikufika. Mwaka 1874 Bunge likaweka kikomo kingine: chini ya nusu gramu ya asidi kwa kila mita ya ujazo ya hewa inayotoka, pamoja na wajibu wa kutumia njia bora zinazowezekana. Kilichopunguza asidi mitoni, hata hivyo, kilikuwa zaidi faida. Wakemia Weldon na Deacon walikuwa wamegundua namna ya kuitoa klorini kwenye asidi hiyo ili kutengeneza dawa ya kung'arisha nguo, na hakuna aliyemwaga tena bidhaa ya kuuzwa.

Njia ya Leblanc ilishindwa baadaye na ile ya Mbelgiji Solvay, ambayo kampuni ya Brunner Mond iliianzisha Cheshire katika miaka ya 1870. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyoichukua Magadi Soda ya Kenya mwaka 1924. Idara ya Smith iliishi kwa majina tofauti hadi ilipoingizwa katika Wakala wa Mazingira mwaka 1996.

Kenya, kwa upande wake, ilipata sheria yake kuu ya mazingira mwaka 1999, inayodai tathmini ya athari kabla ya mradi kuanza na ukaguzi wa mara kwa mara baadaye. Pengo kati ya karatasi na dohani lilidhihirika Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Hapo ushahidi uliowasukuma watu ulikuwa risasi iliyokutwa kwenye damu ya watoto wao. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo, aliongoza madai ya wakazi, na kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na lawama ikaigawa kati ya wenye kiwanda na taasisi za serikali zilizopaswa kukisimamia, mamlaka ya mazingira ikiwemo. Mahakama ya Rufani iliitengua amri hiyo ya fidia. Mahakama ya Juu ikairejesha fidia Desemba 2024.