Kipaji Hakivuki Kizuizi Bila Kibali

Juma hili tutazame safari ya mchezaji mmoja wa mpira wa vinyoya, maana ina somo kwetu sisi majirani wa kambi.

Oktoba 2015, kambi ya Nduta wilayani Kibondo ilifunguliwa upya kuwapokea Warundi waliokimbia machafuko kwao. Mwaka huohuo kijana wa Syria, Aram Mahmoud, aliyekwisha kuumudu mchezo huo nyumbani, alikimbia vita akapata hifadhi Uholanzi.

Huko alikuta ukumbi na klabu. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki nayo ikampa ufadhili. Mwaka 2021 alishiriki Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, akiwa mchezaji wa kwanza wa vinyoya katika timu ya wakimbizi. Alishindwa mara zote mbili, na Jonatan Christie wa Indonesia na Loh Kean Yew wa Singapore. Si aibu: Desemba ya mwaka huo Loh akawa bingwa wa dunia.

Je, Nduta ingeweza kumtoa Mahmoud? Kandanda huchezwa hata kwa mpira wa matambara. Lakini kinyoya kina uzito wa gramu 5 hivi. Upepo mdogo tu hukipeperusha, ndiyo maana mashindano makubwa huchezwa ukumbini. Tena mchezaji hupanda daraja kwa pointi anazozikusanya katika nchi mbalimbali. Asiyesafiri hana pointi.

Hapo ndipo penye fundo. Sheria yetu ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ilimtaka mkimbizi akae eneo alilotengewa, asitoke bila kibali. Serikali ilikuwa na sababu zake, usalama wa raia ukiwamo. Hata hivyo, tujifunze kwa jirani. Timu ya kwanza ya wakimbizi, Rio 2016, ilikuwa na wanamichezo 10, na 5 kati yao walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini kutoka kambi ya Kakuma, Kenya. Hawakung'ara wakiwa kambini. Tegla Loroupe aliwachukua akawapeleka Ngong kufanya mazoezi.

Wahenga walinena, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ni kweli, lakini aliyefungwa kamba kiunoni atainamaje? Vijana wenye vipaji hawakosekani makambini. Wanachokosa ni mtu wa kuwafungulia mlango.