Tufani ya Unguja ya Mwaka 1872

Wasikilizaji wangu, tarehe 15 Aprili 1872, katika siku za Sayyid Barghash, tufani kuu iliipiga Unguja. Merikebu zilizama bandarini, na sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa ikaanguka.

Nguvu ile ilitoka wapi? Hewa haionekani, lakini ina uzito. Bahari yenye joto huipasha hewa iliyo juu yake. Hewa hiyo hupata wepesi ikapaa, na uzito unaoikandamiza bahari mahali pale hupungua. Ndipo hewa ya pande zote huja mbio, na mzunguko wa dunia huipinda hata ikazunguka kama pia. Karibu na Ikweta nguvu hiyo ya kupinda ni dhaifu. Ndiyo sababu Unguja haikuzoea pigo la namna hii.

Pemba haikuumia sana. Mkarafuu hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Basi Unguja ilipokuwa ikipanda upya, Pemba ilikuwa ikivuna, ikawa ya kwanza kwa karafuu. Upepo wa siku moja uligeuza mali ya visiwa viwili. Nasi tusidhani kwamba jambo lisilozoeleka haliwezi kutokea.