Buku ya Nkambo na viza yangu

Mdogo wetu mmoja, injinia kule Marekani, ameniuliza: «Yaya, naweza kuacha huyu mukubwa wa kazi bila kupoteza viza?» Ni swali la sheria, lakini jibu langu linaanzia Likasi.

Nkambo wangu aliingia Union Minière akiwa kijana. Kampuni ile ilizaliwa 1906. Miaka ya mwanzo watu waliletwa na Bourse du Travail du Katanga, ofisi iliyoanza 1910 kwa kutafuta wafanyakazi vijijini. Mikataba ilikuwa mifupi, magonjwa yalikuwa mengi, na wengi walikimbia. Karibu 1928 kampuni ikageuza siasa yake: mkataba wa miaka 3, nyumba mu kampi, poso ya chakula, ruhusa ya kuleta bibi na watoto. Nkambo alifika wakati ule wa miaka 3.

Alipokuwa mzee alikuwa anatuambia: «Buku yangu ilikuwa kwa muzungu. Nitakimbilia wapi?» Buku ni kile kitabu kidogo cha kazi kilichoandikwa jina lako na la mwenye kukuajiri. Dekreti ya 16 Machi 1922 juu ya mkataba wa kazi ilifanya kuvunja mkataba kuwa kosa la jinai. Maana yake, mtu akiacha kazi mbele ya wakati, haikuwa maneno kati yake na bwana tu. Kama banakukamata, unaenda mu boloko. Nkambo alijua mahali pengine walipolipa vizuri kidogo. Hakwenda.

Sisi wajukuu tulisikia habari ile kama hadithi ya wakoloni, tukapita.

Mimi nilisoma Marekani, na 2013 nikapata viza ya H-1B. Ni viza inayotokana na sheria ya 1990. Siyo mfanyakazi anayeomba, ni mwajiri. Wanaipa kwa muda wa hadi miaka 3, inaongezwa mpaka 6. Nilipoona ile «miaka 3» kwenye karatasi, sikukumbuka Nkambo hata kidogo. Nilifurahi tu.

2014 mama alifariki. Niliomba juma tatu nije kuzika. Mukubwa wangu akajibu: ukienda sasa, usirudi hapa. Na wakati ule, kama kazi inakatika, hapakuwa na siku hata moja ya kupumua iliyoandikwa mu sheria kwa ajili yetu. Nilihesabu: deni la masomo, karo ya wadogo, nyumba. Nikabaki. Mama alizikwa bila mimi. Usiku ule njo nilisikia sauti ya Nkambo: nitakimbilia wapi?

Kumbe mlango ulikuwapo. Mbele ya 2000, mwenye H-1B aliyepata kazi mpya alipaswa kungoja mpaka ombi la mwajiri mpya likubaliwe, ndipo aanze. Ni miezi ya kungoja chini ya mtu unayetaka kumwacha. Tarehe 17 Oktoba 2000 Rais Bill Clinton alitia sahihi sheria iliyogeuza jambo lile: unaweza kuanza kazi mpya mara ombi la mwajiri mpya linapowekwa. Ruhusa ya mwajiri wa zamani haihitajiki. Viza haikuwa mali yake, hata kama alisema vile kila siku. 2015 nikahama.

Basi mdogo wangu, fuata hatua hizi. Kwanza mwajiri mpya anapata kibali cha Wizara ya Kazi juu ya mshahara na mahali pa kazi. Halafu anaweka ombi, fomu I-129, kabla muda wako wa kukaa haujaisha, na wewe hujafanya kazi yoyote bila ruhusa. Usiandike barua ya kuacha kazi mbele ya kuona risiti ya ombi. Ukiweza, ngoja likubaliwe kabisa, kwa sababu wakilikataa, kazi mpya inasimama. Kama ulikwisha kuhesabiwa mu ile idadi ya 65,000 ya kila mwaka, kwa kawaida hurudi kwenye bahati nasibu. Na tangu Januari 2017, kazi ikikatika, unaweza kupewa hadi siku 60, bila kupita tarehe ya karatasi yako. Wakikufukuza mbele ya muda, mwajiri anapaswa kutoa pesa ya safari ya kurudi kwenu. Ukiacha mwenyewe, hapana.

Sisemi viza yangu na buku ya Nkambo ni kitu kimoja. Mimi nilichagua kwenda, na hakuna polisi aliyenifuata. Lakini woga ulikuwa wa ukoo mmoja: karatasi ya maisha yako iko mkononi mwa mtu mwingine. Tofauti kubwa ni kwamba sheria ya Nkambo ilifunga mlango, na yangu ilikuwa imeufungua miaka 14 kabla mama hajafa. Mimi sikuisoma.

Wewe isome leo, mdogo wangu. Usingojee msiba.